Popo, Kipofu na Mtazamiaji

Jioni ya leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya uganga, lakini si ule wa mizizi na majani, ambao una wenyewe na una faida zake, bali uganga wa kujua: ule unaomfanya mtu aliyeibiwa mbuzi wake usiku afunge safari alfajiri, auache mji nyuma yake, na aende kuketi juu ya mkeka mbele ya mtazamiaji, akingoja kuambiwa mwizi ni nani na amekwenda upande gani. Mtu huyo, ukimzuia njiani na kumuuliza kwa nini anakwenda huko badala ya kwenda kwa jumbe au kituo cha polisi, hatakujibu kwamba mtazamiaji ana nguvu za kupasua majabali au kukausha bahari; atakujibu kwa neno moja tu, kwamba yule anaona. Katika fikira za watu wengi wa pwani yetu, na si wa pwani peke yao, ramli na bao na kutazamia si nguvu ya mkono kadiri yalivyo nguvu ya macho. Ni mlango wa sita wa fahamu, waliofunguliwa wachache, zaidi ya ile mitano ya kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa, ambayo Mwenyezi Mungu ametufungulia sote.

Fikira hiyo haikuzuka burebure, wala siwezi kuicheka. Nani katika sisi hakuambiwa utotoni kwamba mbwa akibweka penye giza tupu ameona kitu? Na waliosoma wanajua hadithi ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba jogoo akiwika amemwona malaika na punda akilia amemwona shetani, nasi tukaamrishwa kuomba fadhila za Mola tusikiapo la kwanza, na kujikinga Kwake tusikiapo la pili. Basi hatukufundishwa abadani kwamba ulimwengu unaishia pale macho yetu yanapoishia. Tulifundishwa kinyume chake, na tena tulifundishwa kwamba huenda punda, ambaye tunampiga bakora na kumtweza, anaona lisiloonwa na kadhi.

Aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha kupita wote ninaowajua ni Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 katika mji wake wa Tus. Katika kitabu alichokiita al-Munqidh min al-Dalal, aliandika kwamba mwanadamu hupewa fahamu zake daraja baada ya daraja: kwanza hupewa kugusa, akajua joto na baridi, ulaini na ukwaruzi, na wakati huo rangi na sauti kwake ni sawa na vitu ambavyo havikuumbwa, kisha hupewa kuona, kisha kusikia, kisha kuonja, akikaribia umri wa miaka 7 hupewa upambanuzi, halafu hupanda akafikia akili, inayojua la wajibu na la muhali. Na nyuma ya akili, asema Imamu, iko daraja nyingine ambayo ndani yake hufunguka jicho jingine la kuona ya ghaibu. Mwenye akili anayeikana daraja hiyo hana hoja ila kwamba yeye hakuifikia, naye ni mfano wa kipofu wa kuzaliwa anayesimuliwa habari za rangi kwa mara ya kwanza, asizielewe wala asizikubali. Imamu alikuwa akisema juu ya utume, si juu ya ramli, na Mola aniepushe na kuvichanganya viwili hivyo. Lakini hoja yenyewe, kwamba upungufu wa fahamu zetu si dalili ya upungufu wa vilivyopo, ni hoja iliyosimama imara, na kila anayezungumza juu ya mambo haya hana budi kuanza nayo.

Mwingereza H. G. Wells, katika mwaka 1904, aliitia hoja inayofanana na hiyo katika hadithi fupi, bila shaka bila ya kujua kwamba anamfuata mwanachuoni wa Kiislamu. Alisimulia juu ya bonde lililofichika katika milima ya Ecuador, wakaazi wake wote vipofu kwa vizazi vingi, na juu ya msafiri mwenye macho, jina lake Nunez, anayeporomoka milimani akaangukia humo, akatarajia kuwa mfalme wao kabla jua halijachwa. Lakini nyumba zao hazina madirisha, nao hulala mchana wa joto na kulima usiku wa baridi, hata yeye, katika nyumba zao za giza, ndiye anayejikwaa. Maneno yake juu ya kuona huhesabiwa wazimu, na tabibu wao, baada ya kumpapasa uso, huamua kwamba ugonjwa wake unatokana na vile vitu viwili vinavyopepesa chini ya paji, na kwamba dawa ni kuvikata. Naipenda hadithi hii kwa sababu inalijua jambo ambalo wenye kusifu sihri hawalijui: kwamba fahamu ya ziada haimpi mwenyewe ufalme, na yeye haioni kuwa muujiza hata kidogo. Kwa Nunez kuona ni kuona tu.

Natuache hadithi sasa, tuingie katika mambo yaliyotendeka.

Katika mwaka 1793, katika mji wa Pavia huko Italia, palikuwa na kasisi mwanachuoni aitwaye Lazzaro Spallanzani, mtu wa miaka 64 mwenye udadisi usiozeeka. Aliona kwamba bundi, tunayemdhania kuwa sultani wa giza, hujigonga katika kuta mara mshumaa wa mwisho unapozimika. Lakini popo, wale wadogo walao wadudu, huruka katika giza lile lile wasiguse kitu. Akawapofusha baadhi yao, jambo la ukatili ambalo zama zake hazikulionea haya, nao wakaruka vilevile. Akawaachilia popo vipofu katika mnara wa kanisa kuu la Pavia, na alipowanasa tena baadhi yao baada ya siku kadhaa na kuwapasua, aliyakuta matumbo yao yamejaa wadudu sawa na ya wenzao wenye macho.

Hapa ndipo wengi wa zama zake, na si wachache wa zama zetu, wangetua mzigo na kusema kwamba popo ni mnyama wa mashetani na mambo yake hayaulizwi. Spallanzani mwenyewe alianza kwa kudhani kwamba viumbe hawa wana fahamu mpya ambayo sisi hatukupewa, yaani mlango wa sita hasa. Ila hakuridhika na kudhani. Alishika kila mlango unaojulikana akauziba: akawapaka vanishi mwilini ili ngozi isihisi upepo, akawaziba pua, na popo wakaruka. Daktari mpasuaji wa Geneva, Louis Jurine, aliposikia habari hizo aliwaziba masikio, na hapo popo, ambao hawakushindwa na upofu, wakashindwa na nta: wakajigonga ovyo kwenye kila kilichokuwa mbele yao. Spallanzani hakulikubali neno hilo mpaka alipolirudia kwa mikono yake, na ili mtu asije akasema kwamba popo walishindwa kwa maumivu ya kuzibwa na si kwa kuzibwa kwenyewe, aliwatia vibomba vidogo vya shaba ndani ya masikio. Vibomba vikiwa wazi popo aliruka, vikizibwa popo alijigonga. Sijui jaribio lililo zuri kuliko hilo katika habari zote za fahamu za viumbe. Maumivu ni yale yale, uzito ni ule ule, mnyama ni yule yule. Tofauti ni tundu, liwe wazi au limezibwa.

Pamoja na uzuri wake wote, jaribio hilo lilidharauliwa. Popo arukapo hatoi sauti yoyote tunayoisikia, na wanazuoni walicheka, wakauliza kwa dhihaka kwamba ikiwa popo wanaona kwa masikio, je, wanasikia kwa macho? Mfaransa Cuvier, ambaye neno lake lilikuwa na uzito wa sheria, aliamua mwaka 1795, bila ya kumgusa popo hata mmoja, kwamba wanahisi kwa ngozi ya mbawa; na watu wakamfuata kwa zaidi ya miaka 100, kwa kuwa ni raha kumfuata mwenye jina.

Mwaka 1938 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Donald Griffin, alichukua kizimba cha popo akakipeleka kwa profesa wa fizikia George Pierce, aliyekuwa ameunda chombo cha kuzishusha sauti nyembamba mno mpaka zifikie kiasi cha sikio la mwanadamu. Sikio letu, likiwa changa na zima, husikia mpaka kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde, na uzee huendelea kutunyang'anya ile ya juu. Popo wale walikuwa wakilia kwa mitetemo kama 50,000. Chombo kilipoelekezwa kizimbani, chumba kilichokuwa kimya kikajaa makelele. Griffin na mwenzake Robert Galambos wakatundika nyaya kutoka darini, wakawaacha popo wapite katikati yake gizani, kisha wakawafunga midomo, na ikadhihirika kwamba popo aliyefungwa mdomo amepotea njia sawa na yule aliyezibwa masikio: popo hulia, akasikia mwangwi wa kilio chake ukirudi kutoka kwenye waya, na kwa mwangwi huo akajua waya uko wapi. Galambos alipoyaeleza hayo mbele ya mkutano wa wanazuoni, mmoja wao mwenye heshima kubwa alimshika mabega akamtikisa, akimwambia kwamba haiwezekani awe anasema kweli. Vyombo vya rada, vinavyotafuta ndege angani kwa mwangwi wa mawimbi ya redio, vilikuwa wakati huo siri ya vita, na wengi hawakuweza kusadiki kwamba mnyama mdogo wa darini alikwisha kuyajua mambo ya namna hiyo.

Msikilizaji wa Pemba asije akanishitaki: popo wake wakubwa walao matunda, wale wanaoning'inia juu ya miti mchana kutwa wakigombana, hawamo katika habari hii. Hao hutafuta chakula chao kwa macho na pua.

Lakini mtu ataniambia kwamba popo si mtu, na mtazamiaji ni mtu. Basi natumtazame kipofu. Wengi wetu tumemwona kipofu akipita katika vichochoro vya Unguja au Lamu, mahali ambapo kuta zinakaribiana hata mabega mawili hayapishani, akafika penye baraza iliyochomoza njiani, akaikwepa kabla fimbo yake haijaigusa. Na watazamaji husema kwamba Mungu amemfungulia macho ya ndani. Ukimuuliza mwenyewe, aghalabu atakwambia kwamba anahisi kitu usoni, kama kivuli kinachomwangukia. Mfaransa Diderot aliandika juu ya jambo hilo katika waraka wake kuhusu vipofu mwaka 1749, akamweleza kipofu wa Puiseaux aliyetambua vitu vilivyo karibu naye kwa mguso wa hewa usoni. Na mwaka uo huo akatiwa gerezani Vincennes, na waraka huo ukawa miongoni mwa sababu, ingawa si kwa ajili ya habari hii.

Jambo likabaki hivyo, likaitwa kuona kwa uso, mpaka mwaka 1944, wakati Michael Supa, ambaye mwenyewe alikuwa kipofu, pamoja na Milton Cotzin na Karl Dallenbach, walipotangaza majaribio yao ya Chuo Kikuu cha Cornell. Watu waliojaribiwa walitembea kuuelekea ubao mkubwa, wakatakiwa kusimama mara wanapouhisi. Wakafunikwa uso na kichwa kwa kitambaa kizito, kisipite hata upepo, na wakasimama mbele ya ubao kama kawaida. Wakazibwa masikio, uso ukaachwa wazi, na wakaupiga ubao kwa vichwa vyao. Kisha likafanywa jambo la ajabu zaidi: mtu aliketi katika chumba cha mbali akiwa na kisikilizio masikioni, na mwingine akatembea kuuelekea ubao akiwa amechukua kipaza sauti, na yule wa chumbani, aliyesikia nyayo tu zisizo zake, aliweza kujua ubao umekaribia. Na wenye macho waliofungwa vitambaa, ambao mwanzoni hawakuhisi chochote, walijifunza ufundi ule kwa mazoezi.

Tafadhalini nikae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ninapopaonea thamani kubwa. Kipofu yule hakudanganya. Aliujua ubao kwa hakika, na alihisi kwa hakika kwamba anaujua kwa uso. La kwanza lilikuwa kweli na la pili halikuwa. Yaani mtu anaweza kuwa na fahamu asiyoijua njia yake, akaitumia miaka yote ya maisha yake, akaisimulia kwa unyofu mtupu, na masimulizi yake yakawa si sahihi. Kwa hiyo sina haja ya kumwita mtazamiaji wetu mwongo. Wapo waongo, na wanajulikana kwa bei zao. Lakini wapo pia watu wacha Mungu, wasiopokea ila kidogo, wanaoamini kabisa kwamba yanawajia kutoka ghaibuni. Unyofu wao naukubali. Ninachouliza ni lile ulizo la Spallanzani: kiko wapi kitundu, na kikizibwa itakuwaje?

Mfano wa ulizo hilo uliwahi kufanywa mjini Berlin, na aliyejaribiwa alikuwa farasi. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alimfundisha farasi wake Hans kujibu maswali kwa kugonga kwato: jumla, siku za mwezi, hata herufi za majina. Mwaka 1904 baraza la wajuzi chini ya Profesa Carl Stumpf lilimchunguza, likashuhudia kwamba hapana hila, na kweli hapakuwa na hila. Ndipo Oskar Pfungst akajaribu mambo mawili, akayatangaza mwaka 1907. Alitaka swali liulizwe na mtu ambaye mwenyewe hajui jibu, na Hans hakujua. Akamtia farasi vizuizi vya macho asimwone anayeuliza, na Hans hakujua. Farasi hakuwa akihesabu. Alikuwa akitazama kichwa cha muulizaji, ambacho huinama kidogo sana swali likiisha, na kuinuka kidogo sana kwato zikifikia idadi iliyo sawa, bila ya muulizaji kujitambua. Na Pfungst, hata baada ya kuijua siri hiyo, aliona tabu kukizuia kichwa chake mwenyewe.

Mtazameni sasa mtazamiaji na aliyeibiwa mbuzi. Mgeni amekaa, mchanga umetandazwa, alama zimepigwa. Mtazamiaji husema kwamba anamwona mtu, si wa mbali, akanyamaza. Uso wa mgeni unabadilika. Husema kwamba ni jamaa, na hapo pumzi ya mgeni hukatika, kwa kuwa amekuja na jina moyoni, jina la shemeji au la jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mwisho wake jina hilo hurudishiwa mwenyewe, naye hutoka akistaajabu. Waarabu wana elimu ya kusoma tabia za watu kwa sura zao, waiitayo firasa, na Fakhr al-Din al-Razi aliitungia kitabu; nami naona watazamiaji wetu hodari ni mabingwa wa elimu hiyo, ila hawakuisoma, na wengi wao hawajui kwamba wanayo. Mtu anayeweza kuusoma uso wa mwenziwe kwa mwanga wa koroboi anastahili heshima. Lakini mbuzi hakuonwa.

Nimepata kuwapa marafiki rai: natupeleke kwa mtazamiaji mtumishi asiyejua aliyeibiwa ni nani wala kilichoibiwa ni nini, mwenye sarafu na salamu tu, na majibu yaandikwe. Kila mara huambiwa kwamba mambo hayo hayajaribiwi. Kwamba siku ni mbaya, nyota haikusimama, jini amekasirika, au mgeni amekuja na moyo wa shaka. Na hapo tofauti na popo huwa dhahiri. Popo akishindwa, hushindwa kwa jambo moja, leo na kesho, Pavia na Harvard: masikio au mdomo. Fahamu inayoshindwa kila siku kwa sababu mpya, na kila sababu ikajulikana baada ya kushindwa, sijui kwa dalili gani niiite fahamu. Sisemi kwamba mlango wa sita haupo. Imamu Ghazali amekwisha kunifunga mdomo. Nasema kwamba ule unaouzwa mkekani hautaki kujaribiwa kama ilivyojaribiwa mingine.

Na fahamu za kweli zina gharama, jambo ambalo katika masimulizi ya sihri silioni. Popo, ili aone, hana budi kupiga kelele, na anayepiga kelele husikiwa. Katika miaka ya 1950 Wamarekani Kenneth Roeder na Asher Treat walichunguza nondo wanaoruka usiku, wakakuta kwamba wengi wao wana sikio kifuani, na kila sikio lina chembe mbili tu za kupokea sauti za popo. Chembe mbili, wasikilizaji, ilhali sisi tuna maelfu! Kwa hizo nondo humsikia popo angali mbali, kabla ya popo kupata mwangwi wake, naye hugeuka akaenda zake. Na kilio kikiwa kikubwa, maana yake popo amekwisha karibia, hukunja mbawa akaanguka chini majanini. Wako wengine ambao hawakimbii: popo akiwalilia, nao humtolea sauti zao za juu vilevile, naye aghalabu huacha kuwafuata. Wengi wa nondo hao ni wachungu, hawaliki.